Shaka Haijibiwi kwa Bendera

Leo tuzungumze riadha, na safari yetu inaanzia Valencia, mji wa Hispania ambao Joshua Cheptegei wetu wa Uganda anaufahamu vizuri.

Tarehe 1 Desemba 2019, katika mitaa ya mji huo, Cheptegei alikimbia kilomita 10 kwa dakika 26 na sekunde 38. Ikawa rekodi ya dunia. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Mkenya Leonard Komon, 26:44, na ilikuwa imesimama tangu 2010. Bado tulikuwa tunapongezana wakati tarehe 12 Januari 2020, mji uleule wa Valencia, kijana Mkenya Rhonex Kipruto alipotoka na muda wa 26:24. Rekodi ya mtu wetu ilikuwa imeishi wiki sita tu. Tukasema basi, mbio ndivyo zilivyo, leo wewe kesho mwenzako.

Ikapita miaka minne. Juni 2024 ukatangazwa uamuzi: Kipruto amefungiwa miaka 6, na matokeo yake yote tangu Septemba 2018 yamefutwa. Ikafutwa ile 26:24 ya Valencia. Ikafutwa pia medali yake ya shaba ya mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya Doha mwaka 2019, mbio ambazo dhahabu yake ilikuja Uganda mikononi mwa huyuhuyu Cheptegei. Kipruto alikana kutumia dawa. Jopo lililosikiliza kesi halikukubaliana naye.

Sasa tupige hesabu pamoja. Uamuzi ulipotoka, Mwethiopia Berihu Aregawi alikuwa amekwisha kukimbia 26:33, Machi 2023. Ukiiondoa 26:24 ya Kipruto, Cheptegei ndiye aliyekuwa mwenye rekodi ya kilomita 10 kwa zaidi ya miaka mitatu, bila mtu yeyote kumtambulisha hivyo, hata yeye mwenyewe asijue. Na Mwethiopia mwingine, Andamlak Belihu, alimaliza wa tano Doha, nyuma ya Kipruto na Mkenya mwingine ambaye naye matokeo yake yalifutwa baadaye, akaondoka uwanjani bila kitu shingoni, wakati mahali pake palikuwa jukwaani katika wale watatu.

Nimeanza na kisa hiki kwa makusudi. Sisi huku tuna mazoea ya kulizungumza suala la dawa zilizopigwa marufuku kana kwamba ni ugomvi wa Wazungu na Waafrika. Mwandishi wa Ulaya au Marekani akiuliza swali, tunasema ana wivu. Mkimbiaji wetu akipimwa mara nyingi, tunasema tunaonewa. Lakini tazama nani aliyeibiwa Valencia na Doha. Cheptegei, kijana wa Kapchorwa, na Belihu, kijana wa Ethiopia. Watu wa mbio ndefu wanaishi miinuko ileile, wanakimbia barabara zilezile za vumbi, wanagombea nafasi zilezile za mwaliko. Anayekunywa au kujidunga kinachokatazwa, mkono wake unaingia kwanza kwenye mfuko wa jirani.

Pengine unajiuliza, Kipruto alikamatwaje? Hakuna chupa iliyokutwa chumbani mwake wala dawa iliyoonekana kwenye mkojo wake. Iliyomshtaki ni damu yake mwenyewe, na hapo inafaa tueleze kidogo.

Figo zetu hutoa homoni iitwayo erithropoietini, kwa kifupi EPO. Kazi yake ni kuuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Mtu anayeishi juu, Kapchorwa, Kween au Bukwo, au pale Teryet ambako serikali imekuwa ikijenga kituo cha mazoezi ya miinuko, anavuta hewa nyepesi, na mwili wake unajiongezea chembe hizo polepole. Hiyo ni halali kabisa, ni zawadi ya Mlima Elgon. Halafu kuna EPO ya maabara, iliyotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa figo na wenye upungufu mkubwa wa damu. Mkimbiaji mzima wa afya akijidunga hiyo, anapata kwa sindano kile ambacho mwenzake amekitafuta mlimani kwa miezi na miaka. Na anajihatarisha, maana damu ikizidi uzito, moyo unapata taabu kuisukuma.

Kipimo cha kuitambua EPO kilianza kutumika kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Wadanganyifu wakajifunza: ukijidunga dozi ndogondogo usiku, baada ya muda mfupi haionekani tena. Ndiyo maana mwaka 2009 Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa Michezoni, WADA, likaleta pasipoti ya kibayolojia. Hii haitafuti dawa. Inafuatilia damu ya mwanariadha mmoja kwa miaka, sampuli baada ya sampuli: kiasi cha himoglobini, na idadi ya zile chembe changa zinazotoka tu kwenye uboho. Mtu akiacha kujidunga EPO, himoglobini yake inabaki juu, lakini chembe changa zinapungua mno, kwa sababu mwili umeona damu ni nyingi ukaacha kuzalisha. Hali hiyo haiji hivihivi. Ni kama daftari la mwenye duka: hakuuona mkono ukiingia kwenye droo, lakini hesabu za jioni zinamwambia kuna fedha zimeondoka.

Sasa, kabla hatujaendelea, nimtendee haki msikilizaji anayesema, “Mbona mnatuandama sisi tu?” Ni kweli, dawa hizi hazina kabila wala rangi. Ben Johnson wa Canada alinyang'anywa dhahabu ya mita 100 ya Seoul mwaka 1988. Marion Jones wa Marekani alikiri mwaka 2007, akarudisha medali zake za Sydney. Urusi ilifungiwa riadha kuanzia Novemba 2015 kwa udanganyifu uliohusisha hadi maofisa wa dola. Alberto Salazar, kocha mashuhuri wa Marekani, alifungiwa miaka 4 mwaka 2019. Na aliyekuwa mkuu wa riadha ya dunia nzima, Lamine Diack wa Senegal, alihukumiwa na mahakama ya Paris mwaka 2020 kwa rushwa iliyotumika kuwafichia Warusi maovu yao. Mlinzi wa ghala naye alikuwa akila mahindi.

Lakini dhambi ya Mrusi haimsafishi Mwafrika Mashariki. Tutazame ujirani wetu bila kupepesa macho. Mkenya Rita Jeptoo, bingwa wa marathoni za Boston na Chicago, alikutwa na EPO mwaka 2014. Mkenya mwenzake Jemima Sumgong alishinda marathoni ya wanawake ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka uliofuata akakutwa na EPO, kisha adhabu yake ikafika miaka 8 baada ya kuonekana kwamba hati za hospitali alizojitetea nazo zilikuwa za uongo. Aliyeshika nafasi ya pili Rio, Eunice Kirwa, mzaliwa wa Kenya aliyeiwakilisha Bahrain, naye baadaye akafungiwa kwa EPO. Dhahabu na fedha za mbio moja.

Na kisa cha Mkenya Asbel Kiprop kina funzo la pekee. Beijing mwaka 2008 alimaliza wa pili mita 1,500. Aliyemshinda, Rashid Ramzi wa Bahrain, akakutwa na dawa, na Kiprop akapewa dhahabu. Alijua basi uchungu wa kuibiwa, na utamu wa haki iliyochelewa. Akawa bingwa wa dunia mara tatu. Kisha sampuli yake ya Novemba 2017 ikaonyesha EPO, akafungiwa miaka 4. Yeye amekana siku zote. Nasi tunabaki na swali: ikiwa aliyeibiwa anaweza kuhukumiwa kwa kosa lilelile, mipaka ya kishawishi hiki iko wapi?

Oktoba 2024 Mkenya Ruth Chepngetich alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56. Kabla ya hapo hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kushuka chini ya saa 2 na dakika 11, sembuse 10. Katika mkutano na wanahabari, Mmarekani mmoja akamuuliza waziwazi atawajibu nini watu watakaodhani muda ule ni mzuri mno kuaminika. Huko Kenya ikawa moto. Viongozi wakasema ni matusi kwa taifa, ni ubaguzi. Msikilizaji, swali lile huenda lilikosa adabu, siku ya furaha ya mtu. Lakini Machi 2025 sampuli ya Chepngetich ikakutwa na hidroklorothiazidi, dawa ya kukojosha ambayo inaweza kutumika kuficha dawa nyingine, kwa kiwango kilichozidi mno kile kinachovumiliwa. Alijieleza kwamba alikuwa mgonjwa akameza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Oktoba 2025 akafungiwa miaka 3. Rekodi yake ya Chicago imebaki, kwa kuwa sampuli iliyomtia hatiani ilichukuliwa baadaye. Imebaki kwenye vitabu, lakini waulize wakimbiaji wanaitajaje.

Waliopandisha bendera kumkinga walimsaidia nini? Hawakumsaidia yeye, wala hawakuwasaidia wasichana wa Iten, Kenya, wanaokimbia kwa haki na ambao leo, wakishinda, wanatazamwa kwa jicho la pembeni. Shaka ina tabia hiyo: mwenye kosa anaifanya, msafi anailipa.

Na hapa niseme jambo la upande wa pili, kwa sababu uonevu nao upo. Kasi peke yake si ushahidi. Agosti 2020, Monaco, Cheptegei alivunja rekodi ya mita 5,000 ya Kenenisa Bekele iliyokaa miaka 16, akaandika 12:35.36. Oktoba mwaka huohuo, Valencia tena, akavunja ya mita 10,000 kwa 26:11.00. Kulikuwa na minong'ono. Lakini mwaka ule viatu vya aina mpya vilikuwa vimeingia, vyepesi na vyenye kurudisha nguvu ya mguu, na pembeni mwa uwanja kulikuwa na taa zinazotembea kwa kasi ya rekodi, mkimbiaji anazifuata badala ya kukisia. Muda unaposhuka kwa wote, sababu inaweza kuwa chini ya nyayo. Kumhukumu mtu kwa saa ya ukutani, bila sampuli, bila pasipoti ya damu, ni dhuluma.

Sasa basi, msafi ajiteteeje? Mkenya Sabastian Sawe ametoa jibu. Huyu ndiye aliyeshinda London Marathon Aprili 2025 mbele ya Jacob Kiplimo wetu, aliyekuwa akikimbia marathoni yake ya kwanza. Kabla ya Berlin, Septemba mwaka huo, Sawe na watu wake waliiomba AIU, kitengo cha uadilifu wa riadha chenye makao Monaco, impime zaidi ya kawaida, na kampuni ya viatu inayomdhamini ikagharimia. Katika miezi miwili akapimwa mara 25 nje ya mashindano. Kisha akashinda Berlin kwa 2:02:16. Hakulalamika kwamba Wakenya wanaonewa. Alisema kwa vitendo: njooni, mlango uko wazi, damu hii hapa.

Nikirudi hapa kwetu, wapo wanaosema hayo ni ya Wakenya, sisi Waganda hatumo. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Majina ya Waganda yamekwisha kuingia kwenye orodha ya AIU ya waliofungiwa. Wakimbiaji wetu wengi wamefanya mazoezi Kenya: Stephen Kiprotich, aliyetuletea dhahabu ya marathoni ya London 2012, alikuwa akijifua upande wa Eldoret. Mpaka wa Suam hauzuii mazoea mema, na hauwezi kuzuia mabaya. Kocha yuleyule, meneja yuleyule, “daktari” yuleyule mwenye mkoba wa sindano anaweza kuvuka asubuhi na kurudi jioni.

Na kishawishi kipo. Serikali yetu iliahidi mwenye dhahabu shilingi milioni 5 kila mwezi, wa fedha milioni 3, wa shaba milioni 1. Ni jambo jema. John Akii-Bua, aliyetupa dhahabu yetu ya kwanza ya Olimpiki huko Munich mwaka 1972, angelifurahia. Lakini fikiria kijana wa Bukwo ambaye hajafika huko. Ana miaka 20, wadogo zake wanangoja karo, na mbio moja ya barabarani huko Ulaya inaweza kuinunulia familia shamba. Mtu akimwambia, “Chukua hii, ni vitamini tu,” atamuuliza nani? Wengine wanapotea kwa ujinga tu wa dawa. Maduka ya dawa huku kwetu yanauza vingi bila cheti. Mwanariadha anachomwa sindano ya goti, ndani yake mna triamsinoloni, dawa iliyokatazwa. Kenya iliyaona hayo: kati ya 2021 na 2022 Wakenya 10 walikutwa na kemikali hiyo moja, wakati nchi nyingine zote kwa pamoja zilitoa watu wachache sana. Wapo waliojua walichofanya. Wapo ambao hawakuuliza. Sheria haitofautishi sana, kwa kuwa kinachoingia mwilini mwako ni jukumu lako.

Kuna pia suala la kujulikana ulipo. Mkimbiaji wa ngazi ya juu lazima aandikishe kila siku saa moja ambayo mpimaji anaweza kumkuta mahali fulani. Akikosekana mara tatu ndani ya miezi 12, anafungiwa hata kama damu yake ni safi kama maji ya Sipi. Wilson Kipsang, aliyechukua shaba nyuma ya Kiprotich London 2012, alifungiwa miaka 4 mwaka 2020 kwa makosa ya aina hiyo. Alijitetea kwamba lori lilipinduka likafunga barabara Mei 2019, akaleta na picha. Wachunguzi wakagundua lori la kwenye picha lilipinduka Agosti. Kosa la kukosekana lingeweza kumgharimu miaka 2. Uongo ukaongeza uzito.

Ninalotaka kusema kwa viongozi wetu wa riadha, na kwa wale wa Baraza la Taifa la Michezo pale Lugogo, ni hili. Msingoje siku ya kashfa ndipo mtoe tamko la uzalendo. Julai 2021, kabla riadha ya Olimpiki ya Tokyo haijaanza, wanariadha 10 wa Nigeria walizuiwa kushindana. Hawakukutwa na dawa. Walizuiwa kwa sababu hawakuwa wamepimwa mara tatu nje ya mashindano kama kanuni ilivyodai kwa nchi yenye hatari kubwa. Uzembe wa ofisi ukavunja ndoto za watu wasio na hatia. Kenya, baada ya kuponea chupuchupu kufungiwa mwaka 2022, ilibidi iahidi dola milioni 5 kwa mwaka kwa miaka mitano. Ni fedha nyingi. Lakini kinga ingegharimu kidogo kuliko tiba.

Tunayoyahitaji si mafumbo. Wapimaji wafike Kapchorwa na Bukwo bila taarifa, mara nyingi, tangu mkimbiaji ni chipukizi, ili pasipoti yake ya damu ianze mapema, nayo iwe shahidi wake siku akishutumiwa. Nairobi ina maabara ya kuchunguza damu hiyo tangu 2018. Sampuli zetu hazihitaji tena kupanda ndege kwenda Ulaya kwa kila kitu. Polisi, Magereza na jeshi, ambao ndio waajiri wa wakimbiaji wetu wengi, wawe na daktari wa michezo anayepokea simu. Na anayeuza sindano hizo ashtakiwe mahakamani, maana leo mwanariadha anafungiwa miaka, muuzaji anafungua duka kesho yake asubuhi.

La mwisho ni kuwalipa walioibiwa. Buzunesh Deba wa Ethiopia alimaliza nyuma ya Rita Jeptoo Boston 2014. Jeptoo aliponyang'anywa ushindi, Deba akawa bingwa kwenye karatasi, lakini fedha alizostahili kuongezewa, dola 100,000, zilipita karibu miaka kumi bila kumfikia. Mwaka 2024 msamaria mmoja Mmarekani, baada ya kusoma habari zake, alimpa dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Haki isiyolipa ni salamu tu. Shirikisho letu lina sababu ya kulisimamia jambo hili kwenye vikao vya dunia, kwa kuwa lina mtu wake aliyepoteza. Limwandikie Cheptegei miaka yake mitatu. Lidai kanuni inayosema rekodi ikifutwa, mwenyewe wa kweli atambuliwe kwa tarehe na kwa fidia. Halitaweza kudai hivyo kwa uso mkavu kama nyumbani kwake halipimi.

Nawe msikilizaji, siku mwandishi wa kigeni atakapomuuliza bingwa wetu swali la kuudhi, usikimbilie bendera. Uliza amepimwa mara ngapi mwaka huo, na ni nani anayetunza hesabu. Jibu likiwepo, swali litakufa lenyewe.